Kutoka Meza ya Karani: Saa ya Kompyuta Isemayo Uongo



Juma hili tuzungumze juu ya saa. Si saa ya ukutani wala ya mkononi, bali ile saa ndogo ionekanayo pembeni mwa kioo cha kompyuta. Najua wengine watasema: "Jambo hili latuhusu nini sisi wakulima wa mahindi? Kompyuta hatuna." Ngojeni kidogo. Huenda kompyuta huna nyumbani, lakini karatasi zako nyingi hutoka katika kompyuta: cheti cha ubatizo cha mtoto, ripoti ya shule, risiti ya duka. Saa ya mashine ile ikisema uongo, uongo huo huandikwa juu ya karatasi yako, nawe waubeba hadi nyumbani bila kujua.

HASARA YAKE

Tuchukue mfano. Binti wa kigango kimoja huku Handeni amechumbiwa na kijana wa Korogwe, na ndoa itafungwa huko kwa mchumba. Paroko wa huko ataka cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni. Desturi ya mahali pengi ni kwamba kisizidi miezi 6. Kwa nini kiwe kipya, na ubatizo wenyewe ni wa zamani? Kwa sababu kitabu cha ubatizo hakisemi habari za ubatizo tu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yaagiza kwamba kipaimara na ndoa ya mtu viandikwe humo humo, na habari hizo zionekane kwenye cheti. Kwa hiyo cheti kipya ni shahidi kwamba mtu huyu hajafunga ndoa mahali pengine.

Basi binti apeleka cheti chake. Chini kimeandikwa: "Kimetolewa 1 Januari 2009." Na juu kidogo yasomeka kwamba alipata kipaimara mwaka 2016. Je, cheti cha 2009 kilijuaje mambo ya 2016? Padre hana budi kukirudisha. Nauli ya basi imepotea, matangazo ya ndoa yameahirishwa, na wazee wa pande mbili waanza kunong'ona kwamba bibi arusi ana jambo analolificha. Kumbe binti hana kosa lolote. Kosa ni la betri ndogo kama sarafu, iliyokufa ndani ya mashine ya ofisi, na la watu walioiona saa ile ikikosea kila siku wakaizoea.

Watu wengi wakiona saa ya kompyuta imekosea huirekebisha kwa mkono, basi. Kesho imekosea tena, wairekebisha tena. Huko ni kumpa mgonjwa wa malaria maji ya baridi kila siku bila kumpima damu. Kurekebisha si kuponya. Mganga wa zahanati kwanza huuliza: homa yapanda saa ngapi? Imeanza lini? Na saa ya kompyuta tuiulize vivyo hivyo: umekosea kiasi gani, na hukosea wakati gani? Ukijua majibu ya maswali hayo mawili, ugonjwa umekwisha kuujua.

JINSI KOMPYUTA INAVYOSHIKA SAA

Ndani ya kompyuta mna saa mbili. Ya kwanza imo katika ule ubao mkuu ambao mafundi huuita mazabodi. Saa hii haina usingizi. Hata mashine ikizimwa yenyewe huendelea kuhesabu, kwa nguvu ya betri ndogo ya duara. Kinachoiongoza ni kipande kidogo cha jiwe liitwalo kwatsi, sawa na lile lililomo katika saa nyingi za mkononi. Umeme ukipita, jiwe hilo hutikisika mara 32,768 kwa sekunde moja. Hesabu hiyo si ya bahati. Ukiigawa kwa 2, na jibu ukaligawa tena kwa 2, hivyo hivyo mara 15, wapata 1, yaani sekunde moja kamili.

Saa ya pili ni ya programu kuu inayoendesha mashine, kama vile Windows. Mashine ikiwashwa, programu huisoma saa ya kwanza mara moja, kisha yaendelea kuhesabu yenyewe. Na kama intaneti ipo, huuliza saa kwa kompyuta kubwa zilizo mbali. Utaratibu huo wa kuulizana ulitungwa na mtaalamu wa Marekani, David Mills, na kutangazwa mwaka 1985. Yeye alifariki Januari 2024. Ni kama kumtuma mtoto kwa jirani akaulize saa. Jirani asema ni saa 4 kamili, lakini mtoto ametembea dakika 5 kurudi, basi wewe huongeza dakika zile. Kompyuta nayo hupima safari ya swali na jibu, ikaongeza muda uliopita njiani.

Sasa tuzitazame sura za kosa, moja moja.

KOSA LA MIAKA

Ukiwasha mashine asubuhi ukakuta imerudi nyuma miaka mingi, mara nyingi siku ya kwanza ya Januari, shuku betri kwanza. Betri ikifa, saa ya ndani husahau kila kitu, nayo mashine huanza upya kutoka tarehe iliyowekwa kiwandani.

Kipimo chake ni rahisi. Weka saa na tarehe sawasawa. Zima mashine, kisha uiwashe tena bila kuchomoa waya wa umeme. Ikiwa saa imebaki sawa, zima tena, chomoa waya, uiache hivyo usiku kucha. Asubuhi iwashe bila intaneti. Ikiwa sasa imesahau, betri imekufa.

Ofisi zetu za vijijini huona ugonjwa huu mapema kuliko za mjini, na sababu ipo. Waya ukiwa umechomekwa na umeme upo, saa ya ndani hula umeme wa ukutani, nayo betri hupumzika. Sisi huchomoa waya kila jioni kwa kuogopa radi, na mara nyingine umeme hukatika. Muda wote huo saa hula betri. Sisemi tuache kuchomoa, maana radi ikipiga itachoma mashine nzima. Nasema tu tujue kwamba betri yetu itachoka mapema, tuwe na nyingine akibani.

Betri ya kompyuta ya mezani kwa kawaida ni ya namba CR2032, ya volti 3, upana wake milimita 20. Hupatikana katika maduka ya saa na ya simu. Zima mashine, chomoa waya, fungua ubavu kwa bisibisi, gusa kwanza chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke, kisha tazama betri ya zamani imelala vipi. Upande wenye alama ya kujumlisha kwa kawaida huelekea juu. Sukuma kishikizo, toa ya zamani, weka mpya, halafu weka saa upya. Kompyuta ya kubeba mpe fundi, kwa kuwa betri yake mara nyingi imejificha ndani na ina waya.

Na hapa nawaomba wazazi wanisikilize vema. Betri hizi, mpya au nzee, ni hatari kubwa kwa watoto wadogo. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, yaweza kumchoma nyama za ndani katika muda wa saa 2 tu. Usingoje aanze kulia, wala usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama aonekana mzima. Betri nzee isitupwe uani. Ifungwe kwa gundi ya karatasi pande zote mbili na iwekwe mbali na mikono ya watoto.

KOSA LA MASAA KAMILI

Sura ya pili: dakika ni sawa kabisa, lakini masaa yamepungua au kuzidi. Hapo betri haina kosa. Mwenye kosa ni mtu aliyeipanga mashine.

Ikiwa kosa ni saa 6 kamili, tujitazame sisi wenyewe. Sisi twahesabu saa tangu jua lichomozapo na tangu lituapo. Saa 2 asubuhi kwetu, kwa mashine ni saa 8. Mtu akiandika 2:00 kwa hesabu ya Kiswahili, mashine yaelewa ni usiku wa manane, saa 8 za usiku. Cheti kitakachotolewa jioni hakitaharibika, lakini siku yote mashine iko nyuma saa 6, na kazi ya asubuhi na mapema ya Jumatatu yaweza kuandikwa kuwa ya Jumapili usiku.

Ikiwa kosa ni saa 12 kamili, aliyeipanga amechanganya asubuhi na jioni. Katika mashine, AM ni toka usiku wa manane hadi adhuhuri, na PM ni toka adhuhuri hadi usiku wa manane.

Ikiwa kosa ni saa 3, au 2, au 10, au 11, tazama ukanda wa saa. Dunia imegawanywa katika kanda, na Afrika Mashariki yetu iko saa 3 mbele ya saa ya ulimwengu. Kompyuta iliyoletwa kutoka Uingereza bila kupangwa upya itakuwa nyuma saa 3 wakati wa baridi yao, na saa 2 wakati wa kiangazi chao, kwa kuwa wao husogeza saa. Iliyobaki na saa za magharibi ya Marekani itakuwa nyuma saa 11 au 10. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya saa na kuchagua ukanda wetu. Katika Windows usitafute Dar es Salaam, hutaiona. Chagua mstari ulioandikwa UTC+03:00 Nairobi. Saa ya Nairobi ndiyo saa yetu.

Ugonjwa huu una hila moja inayowachosha watu. Karani arekebisha masaa kwa mkono, lakini ukanda hakuugusa. Saa yaonekana sawa. Kesho intaneti ikifika, saa yarudi kwenye kosa lile lile. Naye alaumu intaneti! Intaneti haikukosea. Yenyewe hutoa saa ya ulimwengu tu, na kompyuta huongeza masaa ya ukanda ilioambiwa. Ukiidanganya kuhusu mahali ilipo, itakudanganya kuhusu saa.

KOSA LA DAKIKA

Sura ya tatu ni ya saa ipungukayo au izidiyo kidogo kidogo. Jiwe la kwatsi si kamili, na joto na baridi huligeuza mwendo. Saa ikikosea sekunde 2 tu kwa siku, kwa mwaka mzima ni dakika 12. Chukua daftari, kila Jumatatu andika tofauti ya saa ya kompyuta na ya simu yenye mtandao. Baada ya majuma 4 utaona kama kosa lakua kwa kipimo kile kile. Ikiwa ndivyo, mashine si mgonjwa. Ndiyo tabia ya saa zote. Iunganishe na intaneti mara kwa mara ijisahihishe.

Lakini jihadhari na jambo moja. Kompyuta nyingi za Windows zimewekewa mpaka. Kosa likizidi saa 15, hukataa kujisahihisha zenyewe. Tena, tovuti nyingi hujitambulisha kwa hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta idhaniyo kwamba huu ni mwaka 2009 huiona hati hiyo kuwa ya siku ambazo hazijafika, ikafunga mlango. Kwa hiyo mashine iliyopotea miaka isaidiwe kwanza kwa mkono, tarehe na mwaka, ndipo intaneti iimalizie.

Simu zetu nazo ni hivyo hivyo. Simu hupata saa kutoka mnara wa mtandao, ila watoto wengine huzima mpango huo na kubadili tarehe ili wapate kuendelea na michezo. Baba akija, intaneti haifunguki, aona simu imeharibika. Rudisha mpango wa saa ya mtandao, na mengi yatapona.

Na mtu asichukue kivuli cha mwembe kuwa shahidi wa dakika. Saa yetu ya serikali yafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na sisi wa Handeni tuko karibu na nyuzi 38. Kwa hiyo jua hutufika utosini, kwa wastani, kama dakika 28 baada ya saa 6 mchana. Jua ni kweli na saa ni kweli, lakini hawasemi jambo moja.

KANISA LILIFANYAJE

Wakatoliki hatuna haja ya kuona haya kushughulika na mambo ya saa. Kosa kubwa la namna hii lilirekebishwa na Kanisa. Kalenda ya Yulio Kaisari iliuhesabu mwaka kuwa mrefu mno kwa dakika kama 11. Dakika 11 kwa mwaka ni kitu gani? Lakini tangu Mtaguso wa Nikea mwaka 325 hadi karne ya 16 zilikuwa zimekusanyika siku 10, na hesabu ya Pasaka ilikuwa imepotoka. Tabibu mmoja wa Italia, Luigi Lilio, alitunga mpango wa dawa. Padre Christopher Clavius, Mjesuiti, akaupima na kuueleza. Naye Baba Mtakatifu Gregori XIII akautia amri mwaka 1582. Katika nchi zilizotii mara moja, Alhamisi ya 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa ya 15 Oktoba. Usiku huo ndipo alipofariki Mtakatifu Teresa wa Avila, na ndiyo sababu sikukuu yake ni 15 Oktoba.

Tazameni hekima yao. Hawakuruka siku 10 tu wakaenda zao. Hilo lingekuwa kurekebisha bila kuponya, na kosa lingeanza kukua tena. Walibadili pia kanuni ya mwaka mrefu: miaka kama 1700, 1800 na 1900 haina siku ya 29 Februari, bali 1600 na 2000 inayo. Uingereza ilikawia hadi mwaka 1752, na kosa likawa limefika siku 11. Aliyechelewa dawa alilipa zaidi.

KARATASI ZILIZOKWISHA KUTOKA

Baada ya saa kupona, kazi moja yabaki, na wengi huisahau. Karatasi zilizoandikwa wakati wa ugonjwa bado zimo mikononi mwa watu. Ofisi itafute siku ambayo saa ilianza kukosea, ihesabu vyeti vilivyotolewa tangu hapo, na iwaite wenyewe. Katekista akitangaza kigangoni baada ya ibada, habari itafika upesi. Cheti chenye tarehe ya uongo kisichorwe kwa kalamu juu yake, maana hapo chaonekana cha kughushi; kirudishwe, kiharibiwe, na kipya kitolewe. Tarehe ya ubatizo yenyewe ipo salama katika kitabu kikubwa kilichoandikwa kwa mkono, na kitabu hicho ndicho mzee wa cheti. Vikitofautiana, kitabu ndicho cha kufuatwa.

Na ninyi mama na baba mnaokuja kuchukua cheti, msione haya kukisoma mbele ya karani. Someni tarehe tatu: ya kuzaliwa, ya ubatizo, na ya kutolewa. Tazameni pia mpangilio, maana mashine iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huandika mwezi kabla ya siku, na 4 Oktoba ikageuka 10 Aprili machoni pa msomaji. Mwezi ukiandikwa kwa jina lake, hakuna ugomvi. Karani mwema hatakasirika ukimwonyesha kosa mezani pake; ni afadhali mara mia kuliko kosa hilo kuonekana Korogwe, siku tatu kabla ya arusi.

Kwa makarani wenzangu, walimu na wauguzi, neno langu ni fupi. Kila asubuhi, kabla ya karatasi ya kwanza, tazama saa na tarehe ya mashine, uilinganishe na simu. Ni kazi ya nusu dakika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wenyewe huenda ukawa kati ya familia mbili zilizotaka kuungana.

Hadi juma lijalo, Mungu awabariki.

Karani wa Parokia, Misima